Chati za renji: mwongozo kamili wa kusoma bei bila kufuata saa

Karibu kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi, takwimu za ajira za Marekani hutolewa saa mbili na nusu asubuhi kwa saa za New York. Afrika Mashariki inakuwa saa tisa na nusu alasiri, au saa kumi na nusu jioni wakati wa majira yao ya baridi, wanaporudisha saa zao nyuma. Fungua chati ya dakika tano ya yuro na dola siku hiyo. Kabla ya takwimu utaona mishumaa midogo, yaani alama za bei ilivyotembea ndani ya kila dakika tano, iliyopangana kama punje za mahindi, mmoja haupishani na mwenzake. Halafu unasimama mshumaa mmoja mrefu kuliko yote ya tangu asubuhi. Ndani yake bei imepanda, imeporomoka, imepanda tena, na watu wamepata na wamepoteza. Wewe unaona mstari mmoja tu.

Kosa si la soko. Chati ya dakika tano inachora mshumaa kila dakika tano zikiisha, soko liwe limelala au linawaka. Chati ya renji haiangalii saa. Inachora mshumaa mpya pale tu bei inapokuwa imetembea umbali uliouweka wewe, tuseme pipu 10 (pipu ni hatua moja ya desimali ya nne kwenye bei ya yuro na dola). Soko likilala, mshumaa mmoja unaweza kukaa saa nzima bila kukamilika. Soko likiwaka, mishumaa sita inakamilika ndani ya nusu dakika, na ndani ya hiyo sita unaona bei ilipanda wapi na iligeuka wapi.

Neno renji hapa lina maana moja: umbali kati ya bei ya juu kabisa na bei ya chini kabisa ya mshumaa. Kwenye chati hii umbali huo ni sawa kwa kila mshumaa.

Aliyebuni njia hii ni Vicente Nicolellis, mfanyabiashara wa masoko kutoka Brazili aliyeongoza dawati la biashara São Paulo kwa zaidi ya miaka kumi. Ilikuwa katikati ya miaka ya 1990. Brazili ilikuwa imetoka kwenye mfumuko mkali wa bei na kuanza kutumia sarafu yake mpya, real, Julai 1994, na masoko yake yaliruka sana. Nicolellis alitaka chati inayoonyesha mwendo wa bei peke yake, akaiwekea kanuni tatu. Kila mshumaa lazima uwe na renji kamili iliyochaguliwa. Kila mshumaa lazima ufunguke nje ya renji ya mshumaa uliotangulia. Na kila mshumaa lazima ufungwe ama kwenye bei yake ya juu kabisa ama kwenye bei yake ya chini kabisa.

Ukizisoma haraka zinaonekana nyepesi. Usiziruke. Watu wengi wanaolalamika kwamba chati hizi zimewadanganya hawajawahi kuzichora kwa mkono hata mara moja.

Hatua ya kwanza: chora mitatu kwa kalamu

Chukua daftari. Renji yetu ni pipu 10 kwenye yuro na dola, na tutatumia desimali nne ili hesabu isitusumbue. Bei zinakuja hivi:

1.0850, 1.0854, 1.0848, 1.0853, 1.0858, 1.0859

Mshumaa wa kwanza unafunguka 1.0850. Bei ya chini kabisa ni 1.0848. Bei inapofika 1.0858, umbali umetimia: pipu 10. Kwa kanuni ya Nicolellis mshumaa bado haujafungwa. Umejaa, lakini unasubiri bei itoke nje. Bei ya 1.0859 ndiyo inayotoka, kwa hiyo mshumaa wa kwanza unafungwa 1.0858, juu kabisa, na wa pili unafunguka 1.0859. Pima sasa ule wa kwanza: mwili wake, yaani kutoka bei ya kufunguka hadi ya kufungwa, ni pipu 8, na utambi wake wa chini, yaani sehemu inayotokeza nje ya mwili, ni pipu 2. Jumla 10.

Endelea:

1.0863, 1.0860, 1.0855, 1.0853, 1.0852

Mshumaa wa pili ulifunguka 1.0859, ukapanda hadi 1.0863, ukageuka. Ulipogusa 1.0853 umejaa. Bei ya 1.0852 imetoka nje kwa chini, kwa hiyo unafungwa 1.0853. Mwili pipu 6, utambi wa juu pipu 4. Tena 10.

Mshumaa wa tatu unafunguka 1.0852, na huu ndio wenye somo:

1.0849, 1.0855, 1.0859, 1.0857, 1.0852, 1.0849, 1.0848

Bei ilishuka 1.0849, ikapanda hadi 1.0859. Umejaa, lakini bei haikutoka juu. Ikarudi chini yote na kutokea upande wa pili, 1.0848. Kwa kanuni ya asili huu ni mshumaa mmoja wa kushuka, umefungwa 1.0849, wenye mwili wa pipu 3 na utambi mrefu wa juu wa pipu 7. Programu nyingi za leo hazisubiri bei itoke nje. Zinafunga mshumaa mara tu umbali unapotimia. Kwenye programu ya namna hiyo, inayofungua mshumaa mpya pale pale ulipofungwa wa zamani, bei hizi hizi zingekupa mshumaa wa kupanda uliofungwa 1.0859, kisha mwingine wa kushuka uliofungwa 1.0849. Bei ni zile zile, chati ni mbili tofauti. Aliyenunua mshumaa wa kupanda ulipofungwa ameumia, na mwenye programu nyingine hakuuona mshumaa huo kabisa.

Kwa hiyo kabla ya kuweka hata senti moja, jua programu yako inafuata ipi. Fungua chati, weka renji ndogo, utazame mishumaa mitano ikikamilika mbele ya macho yako. Inafungwa bei ikigusa, au ikivuka? Mshumaa mpya unafunguka pale pale ulipofungwa wa zamani, au kwenye bei inayofuata? Andika jibu kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari.

Yanayobadilika ikiwa umezoea saa

Umeona kwamba mshumaa wa renji hauna tambi mbili. Upande uliofungwa ni mkavu siku zote, kwa sababu ndipo bei ilipoishia. Mifumo mingi uliyojifunza kwenye chati za muda, kama ule mshumaa wa msalaba wenye tambi juu na chini na mwili mwembamba, haipo hapa. Usiitafute. Kinachobaki ni utambi mmoja, na urefu wake unakuambia jambo bayana: bei ilijaribu upande huo kwa pipu kadhaa ikashindwa. Utambi wa pipu 7 kati ya 10, pale bei ilipogeuka jana pia, una uzito. Utambi wa pipu 1 hauna.

Viashiria, yaani hesabu zinazochorwa juu ya chati, navyo vinabadilika. Wastani wa mishumaa 20 kwenye chati ya dakika tano ni wastani wa dakika 100 zilizopita. Kwenye chati ya renji ni wastani wa miendo 20, iwe ilichukua dakika nne au siku nzima. Mstari unakuwa mwepesi kufuata bei wakati wa kishindo, na unatulia soko linapotulia. ATR, kile kipimo cha J. Welles Wilder cha mwaka 1978 kinachoonyesha bei inatembea kiasi gani kwa wastani, hakina kazi kwenye chati hii. Kila mshumaa una pipu 10, kwa hiyo ATR itakuambia 10 au karibu na 10 leo, kesho na mtondo. Kitumie kwenye chati ya siku, ambako tutakihitaji sasa hivi.

Kuna kitu ambacho wengi hukitupa pamoja na saa, nacho ni kasi. Muda haujafa. Umehama kutoka chini ya chati kwenda ndani ya mshumaa. Mshumaa uliokamilika kwa sekunde 20 na uliokamilika kwa dakika 40 vinafanana kabisa kwa macho, ila si kitu kimoja. Ninapofanya kazi ninaacha muda wa kila mshumaa uonekane chini ya chati, na ninautazama kama dereva anavyotazama kipima mwendo. Mishumaa mitatu ya kupanda iliyochukua muda wa saa mbili, kwenye saa nane usiku, ni soko linalojinyoosha usingizini. Mitatu hiyo hiyo ndani ya dakika tatu London inapofungua, saa nne au saa tano asubuhi kwetu kulingana na majira yao, ni watu wenye fedha nyingi wanaoingia.

Kuchagua renji: hapa usiharakishe

Kama utasoma sehemu moja tu ya mwongozo huu, isome hii. Mtu akiniuliza renji gani ni nzuri, ninamuuliza kwanza broka wake, yaani kampuni anayopitia kununua na kuuza, anamtoza kiasi gani.

Anza na mwendo wa siku. Fungua chati ya siku ya jozi yako ya sarafu, weka ATR ya siku 14, usome. Tuseme ni pipu 70. Chukua asilimia 10 hadi 15 ya hiyo: pipu 7 hadi 10. Huo ni mwanzo wa mazungumzo tu.

Sasa weka gharama mezani. Tuseme spredi (tofauti kati ya bei ya kununua na ya kuuza) na kamisheni kwa pamoja ni pipu 1.2. Kwa renji ya pipu 10, kila unapoingia unalipa asilimia 12 ya mshumaa mzima. Kwa renji ya pipu 5, unalipa asilimia 24. Karibu robo ya kila mwendo inakwenda kwa broka kabla hujajua kama ulikuwa sahihi au la. Kanuni ninayoishika ni kwamba renji isipungue mara 8 ya gharama. Kwa gharama ya 1.2 ni pipu 9.6, sema 10. Kama hesabu ya ATR inakupa 7 na hesabu ya gharama inakupa 10, chukua 10. Gharama ni ya hakika, wastani ni makadirio.

Kishawishi cha kupunguza renji ni kikubwa, kwa sababu chati inapendeza na nafasi za kuingia zinaongezeka. Ila jua zinavyoongezeka. Bei inapotangatanga bila mwelekeo, muda wa kukamilisha mshumaa hufuata mraba wa renji. Ukipunguza renji nusu, mishumaa haiwi mara mbili. Inakaribia mara nne. Chati ya pipu 10 yenye mishumaa 40 kwa siku itakuwa na kama 160 ukiweka pipu 5. Utaingia mara nyingi zaidi, na kila mara utalipa sehemu kubwa zaidi ya mwendo. Akaunti ndogo hufia hapa, polepole, bila hata siku moja ya msiba mkubwa.

Ukishachagua, usibadilishe kila siku. Pima upya mwisho wa mwezi, ATR ya siku ikiwa imehama sana.

Kuiweka kwenye kompyuta

Programu za chati za NinjaTrader na cTrader zina chati za renji ndani yake tayari. TradingView pia inazo, lakini huko renji huhesabiwa kwa tiki, yaani hatua ndogo kabisa ya bei. Kwenye yuro na dola yenye desimali tano, pipu 1 ni tiki 10, kwa hiyo pipu 10 ni tiki 100. Ukiandika 10 ukidhani ni pipu, utapata chati ya pipu 1, rundo la mishumaa lisilo na maana, na spredi kubwa kuliko mshumaa wenyewe. Kwa mikataba ya E-mini S&P 500 ya Chicago, inayofuata faharisi ya hisa za Marekani, tiki moja ni pointi 0.25, yenye thamani ya dola 12.50, kwa hiyo renji ya tiki 8 ni pointi 2, dola 100 kwa mkataba. MetaTrader 4 na 5 hazina renji za kuzaliwa nazo. Unahitaji programu ya nyongeza, na kwenye 5 programu hiyo hutengeneza alama maalumu inayojazwa mishumaa ya renji. Programu hizo hazilingani kwa ubora, ndiyo maana zoezi la daftari ni la lazima.

Jambo jingine la kujua mapema: rafiki yako akikutumia picha ya chati yake ya pipu 10 na haifanani na yako, hakuna aliyekosea. Kila mshumaa umejengwa juu ya uliotangulia, kwa hiyo tofauti ya pipu moja mwanzoni, au broka mwenye bei zinazopishana kidogo, inasogeza mishumaa yote inayofuata. Maeneo makubwa ambako bei iligeuka yataonekana kwenu nyote. Mshumaa mmoja mmoja hautalingana. Basi usiweke imani yako kwenye mshumaa mmoja.

Kuingia, kikomo cha hasara na ukubwa wa loti

Faida kubwa ya chati hii kwa mtu mwenye akaunti ndogo ipo hapa, na naona haisemwi vya kutosha. Kwa sababu kila mshumaa una urefu ule ule, kikomo chako cha hasara nacho kinaweza kuwa kile kile, na ukubwa wa loti, yaani kiasi unachonunua au kuuza, unaupanga mara moja asubuhi, akili ikiwa imetulia.

Tuseme una dola 500 na uko tayari kupoteza asilimia 1 kwa biashara moja: dola 5. Unanunua mshumaa wa kupanda unapofungwa, na kikomo kinakaa chini ya mguu wake: pipu 10 za mshumaa, 1.2 za gharama, na nafasi kidogo ya kupumua, jumla pipu 12. Loti 0.01 ya yuro na dola ina thamani ya senti 10 kwa pipu. Pipu 12 kwa loti 0.04 ni dola 4.80. Loti 0.04, basi, kwa kila biashara siku hiyo. Hakuna kuhesabu upya mkono ukitetemeka.

Mahali pa kuingia nitakueleza ninavyofanya mimi, ukiona pana pengo paboreshe. Ninaweka kwanza mistari kwenye maeneo ambako bei iligeuka jana na juzi. Nje ya maeneo hayo siingii. Bei ikifika eneo la chini, nasubiri mshumaa wenye utambi mrefu wa chini, nusu ya renji au zaidi, uliofungwa kwa kupanda. Kisha nasubiri mmoja zaidi ufungwe kwa kupanda. Ninaingia hapo, kikomo kikiwa chini ya huo wa mwisho. Lengo ni renji mbili na nusu hadi tatu. Mishumaa ikipishana kupanda na kushuka mara nne mfululizo bila kutoka mahali, nafunga chati na kwenda kunywa chai.

Mashimo na mishumaa hewa

Chati ya renji inadhani bei hupita kila hatua. Wakati mwingine haipiti. Ijumaa usiku soko linafungwa 1.0850, Jumatatu linafunguka 1.0885. Pipu 35 hazikuuzwa na mtu. Programu moja itaacha shimo, nyingine itajaza mishumaa mitatu ya pipu 10 ambayo haikuwahi kuwepo, ili chati ionekane imeshikana. Baadhi zina kitufe cha kuizima. Izime.

Mfano mkubwa ni tarehe 15 Januari 2015. Benki Kuu ya Uswisi ilikuwa imezuia yuro isishuke chini ya faranga 1.20 tangu Septemba 2011. Saa sita na nusu mchana kwa saa zetu ikatangaza kwamba imeondoa kikomo hicho, na ndani ya dakika chache yuro ikawa chini ya faranga 1. Kutoka 1.20 hadi 1.00 ni pipu 2,000, mishumaa 200 ya pipu 10. Kwenye chati iliyojazwa, inaonekana kama ngazi nzuri ambayo mtu angeweza kushukia kwenye kidato chochote. Kwenye soko, wenye vikomo vya hasara walitolewa kwenye bei za mbali kabisa na walizoweka, na wengine wakabaki na madeni.

Majaribio ya nyuma, na kosa langu

Mwaka wangu wa kwanza na chati hizi nilijaribu mbinu yangu kwenye bei za miaka miwili iliyopita. Matokeo yalikuwa mazuri mno. Nikaweka dola 300 za kweli, na ndani ya wiki tatu theluthi yake ilikuwa imekwenda. Nilirudi kwenye data, usiku kadhaa, hadi nikaona. Chati yangu ya zamani ilijengwa kwa mishumaa ya dakika moja, si kwa tiki, hapa maana yake kila badiliko moja la bei. Dakika yenye mwendo wa pipu 25 haisemi kama bei ilianza kupanda au kushuka, kwa hiyo programu ilikuwa inabuni mpangilio wa mishumaa ya pipu 10 ndani yake. Tena ilinihesabia nimeingia kwenye bei ile ile mshumaa ulipofungwa. Kwenye soko la kweli, mshumaa ukifungwa bei tayari inakimbia, na mimi nilikuwa naingia pipu moja au mbili mbele.

Tumia data ya tiki. MetaTrader 5 ina chaguo la kujaribu kwa tiki halisi kutoka kwa broka. Ongeza pipu 1 ya kuchelewa kwenye kila kuingia na kila kutoka. Mbinu ikifa kwa pipu moja hiyo, ilikuwa imekufa tangu mwanzo.

Ukimaliza hapo, fungua akaunti ya demo, ya fedha za majaribio tu, na uikalishe angalau biashara 50. Kila moja iandike kwenye daftari lile lile la zoezi la kwanza: saa, renji, dakika ambazo mshumaa wa kuingilia ulichukua kukamilika, urefu wa utambi, bei uliyoomba, bei uliyopewa. Safu mbili za mwisho, zitoe moja kwa nyingine kila Jumamosi. Wastani wa tofauti hiyo, ujumlishe na spredi, urudi kwenye hesabu ya mara 8, na uone kama renji yako bado inatosha.